Kilianzia Wapi? Chimbuko la Kifafa, kutoka Pergamo hadi Mahenge

Galen wa Pergamo, tabibu wa karne ya 2, alisimulia kisa cha mvulana wa miaka 13 aliyekuwa na ugonjwa wa kuanguka. Walimu wa Galen walimhoji mvulana yule, naye akiwa bado mwanafunzi akisikiliza. Kinaanzia muundini, alisema mtoto. Kisha kinapanda pajani, ubavuni, shingoni, na kikigusa kichwa yeye hajui tena yanayoendelea. Mgonjwa mwingine akaeleza kwamba kinachopanda ni kama upepo wa baridi. Wagiriki waliuita upepo huo aura, na madaktari wa leo bado wanalitumia neno hilo kwa dalili anayoihisi mtu kabla kifafa hakijamwangusha. Kitabu ambamo Galen aliyaandika hayo kinahusu viungo vilivyopatwa na maradhi. Tangu zamani hizo, basi, tabibu makini alijua kwamba swali la kwanza la kifafa ni swali la mahali.

Jibu lake lilikuwa hili: kipo kifafa kinachozaliwa kichwani, kipo kinachotoka tumboni, na kipo kinachotoka kwenye kiungo kingine kikapanda juu. Ndiyo maana mguu ulifungwa kamba, ili kukizuia njiani. Miaka 800 hivi baadaye Ibn Sina, katika kitabu chake cha tiba, al-Qanun, aliendeleza mgawanyo wa namna hiyohiyo: ama ubongo wenyewe ndio mgonjwa, ama umeshirikishwa ugonjwa na tumbo au kiungo kingine.

Leo tunajua kwamba muundi una uwanja wake kwenye gamba la ubongo, ndani ya bonde linalotenganisha nusu ya kulia na ya kushoto. Kifafa kikianzia hapo, mtu huhisi mguu. Na kile kitu kinachopanda kutoka tumboni hadi kooni, ambacho wagonjwa wengi hukieleza mpaka leo, ni alama mashuhuri ya kifafa kinachotokea sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio. Galen na Ibn Sina walisikia vizuri. Walikosea pale walipodhani kwamba panapohisiwa ndipo panapoanzia.

Kosa hilo limerudi katika kila zama kwa sura mpya, na mitambo haikulifuta. Nimeyasoma mapokeo kadhaa ya kutafuta chimbuko la kifafa nikiyapima kwa kipimo kimoja: yanamtendea nini shahidi? Shahidi kwangu ni mgonjwa mwenyewe, na yule aliyekuwapo alipoanguka. Ninaamini kwamba pale shahidi alipothaminiwa, mtambo nao ulifanya kazi yake. Na pale alipopuuzwa, mtambo uliwapoteza watu njia.

Kabla ya mtambo wowote, John Hughlings Jackson wa London alikuwa na macho tu. Aliwatazama wagonjwa ambao mtikisiko wao huanza kwenye kidole gumba, ukaingia kiganjani, ukapanda mkono mpaka usoni, na mwaka 1870 akaandika kwamba mwendo huo una ramani yake ndani ya ubongo. Tarehe 25 Mei 1886, Victor Horsley alimpasua kichwa kijana mmoja katika hospitali ya Queen Square, Jackson mwenyewe akiwapo, akaondoa kovu lililoachwa na ajali ya utotoni. Walijua pa kufungua kwa sababu walijua kiungo kilichotangulia kutikisika. Sioni ushindi mkubwa zaidi wa kutazama kwa makini katika tiba ya karne ile.

Kisha ukaja umeme. Hans Berger wa Jena, Ujerumani, alinasa mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuyachapisha 1929. Wenzake walimwonea shaka hadi 1934, Adrian na Matthews wa Cambridge waliporudia kazi yake na kuiona ni kweli. Mwaka 1935, kule Boston, Frederic Gibbs na wenzake walionyesha mawimbi ya watu wanaozubaa ghafla kwa sekunde chache: mwiba na wimbi, mwiba na wimbi, mara 3 kwa sekunde, kichwa kizima kwa pamoja. Tangu siku za mwanzo, basi, EEG, yaani kipimo hicho cha mawimbi ya ubongo, ilisema mambo mawili: kwamba kifafa kinaonekana, na kwamba si kila kifafa kina kona moja ya kukitafuta.

Tuseme uko kijijini usiku unasikia ngoma. Unajua inapigwa, unajua hata ni ngoma gani, lakini ukitoka nje kuitafuta, upepo unaileta mara kutoka mtoni, mara kutoka mlimani. Ndivyo anavyosikia anayeweka elektrodi juu ya ngozi ya kichwa. Umeme wa ubongo hufika pale ukiwa umedhoofishwa na fuvu, umebaki makumi tu ya mikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti moja. Ili mwiba uonekane juu ya ngozi, eneo la gamba la ubongo la takribani sentimita za mraba 6 hadi 10 lazima lifyatuke kwa pamoja. Kilicho kidogo kuliko hapo, au kilichojificha kwenye mikunjo ya ndani, hakisikiki. Na hata kinachosikika kina kitendawili chake: Hermann von Helmholtz alikwishaonyesha mwaka 1853 kwamba umeme unaopimwa juu ya uso wa kitu unaweza kuwa umetokana na vyanzo vya ndani vya namna nyingi mbalimbali. Hesabu peke yake haiwezi kuchagua kimoja. Lazima mtu alete habari nyingine kutoka nje ya hesabu.

Hapo ndipo mapokeo mawili makubwa ya karne ya 20 yaliposhika njia tofauti.

La kwanza ni la Montreal, Kanada. Wilder Penfield alifungua taasisi yake ya mishipa ya fahamu huko mwaka 1934, na mwishoni mwa muongo huo Herbert Jasper, bingwa wa EEG, akajiunga naye. Mgonjwa alifunguliwa fuvu akiwa macho, ngozi tu ikiwa imetiwa ganzi, maana ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Penfield aligusa gamba la ubongo kwa umeme mdogo, hatua kwa hatua, na kila palipotoa jibu pakawekwa kikaratasi chenye namba. Mkono umeruka. Ulimi umekufa ganzi. Sauti imesikika. Walichokingoja zaidi ni ile dalili ambayo mgonjwa huihisi kila mara kabla ya kuanguka: ikijitokeza, wamekaribia. Jasper naye alisoma mawimbi yaliyochukuliwa moja kwa moja juu ya ubongo uliofunuliwa, akitafuta miiba. Kitabu chao cha 1954 kuhusu kifafa na ramani ya kazi za ubongo kimewalea madaktari wa vizazi.

Ninaipenda Montreal kwa jambo moja kubwa. Katika chumba kile mgonjwa alikuwa shahidi anayesema, na neno lake liliwekwa kwenye mizani moja na wino wa mtambo. Hata hivyo mbinu yao ilikuwa na upungufu wa dirisha. Waliona sehemu ile tu waliyoifungua, tena juu juu, kwa saa chache, na mara nyingi bila kifafa chenyewe kutokea. Miiba waliyoitegemea ni ya wakati mgonjwa yuko shwari. Miiba hiyo ni kama majivu: inakuambia moto ulikaa upande huu, lakini mara nyingi imetapakaa mbali kuliko jiko lenyewe. Mapokeo yale yakazoea kufikiri kwamba kifafa ni doa: litafute, likate.

Hatari ya kukata bila kupata mahali ilijulikana kwa uchungu mwaka 1953, na haikutokea Montreal. William Scoville, huko Hartford, Marekani, alimtoa Henry Molaison sehemu za ndani za ubongo usawa wa masikio yote mawili. EEG yake haikuwa imeonyesha chimbuko moja lililo wazi. Kifafa kilipungua, lakini kuanzia siku ile mpaka alipofariki 2008 hakuweza kushika kumbukumbu mpya za maisha yake. Aliyemchunguza kwa miaka mingi ni Brenda Milner, mwanasaikolojia wa Montreal. Elimu ya kumbukumbu ilinufaika sana na msiba wa mtu huyu mmoja, na sidhani tuna haki ya kuitaja elimu hiyo bila kumtaja yeye.

Paris walikwenda njia nyingine. Katika hospitali ya Sainte-Anne, Jean Talairach, daktari wa akili aliyegeuka kuwa mpasuaji, na Jean Bancaud, daktari wa mishipa ya fahamu, walianza mwaka 1957 kupitisha elektrodi nyembamba kupitia vitundu vidogo vya fuvu hadi kwenye vina vya ubongo, wakiongozwa na fremu iliyofungwa kichwani na picha za eksirei. Kitabu chao kuhusu njia hiyo, inayoitwa SEEG, kilitoka 1965. Tofauti yao na Montreal haikuwa ya sindano badala ya dirisha peke yake. Walitaka kukiona kifafa chenyewe kikianza. Miiba ya wakati wa utulivu haikuwatosha. Tena walikiangalia kama safari, kina kituo cha kwanza, cha pili na cha tatu, na kila kituo kina dalili yake mwilini. Kwa hiyo waliweka pamoja mambo matatu kwa sekunde ileile: umeme umefika wapi, hapo ni sehemu gani ya ubongo, na mgonjwa anafanya nini.

Waligundua jambo ambalo mtu asiyejua hawezi kulitarajia. Mahali kifafa kinapoanzia, mara nyingi mwanzo wake hauna kishindo. Mawimbi makubwa hushuka kimo ghafla, yakawa mistari midogo ya kasi mno, kama minong'ono, huku mgonjwa bado ameketi akitabasamu. Kishindo kinakuja baadaye, mahali pengine, mwili unapotikisika. Anayefuata kishindo atakuta kifafa kimekwishapita.

Udhaifu wa Paris uko palepale penye nguvu yake. Kila elektrodi husikia milimita chache tu kuizunguka. Hata zikiwekwa 10 au 15, sehemu kubwa ya ubongo inabaki kimya. Daktari wa Sainte-Anne alilazimika kuwa na dhana thabiti kabla ya kutoboa tundu la kwanza, na dhana hiyo aliipata kwa kumuuliza mgonjwa, mke, mama, mwalimu: ulihisi nini kwanza? Aligeukia upande gani? Alisema neno lolote? Kwa hiyo mapokeo yaliyozama ndani kabisa ya ubongo ndiyo yaliyomhitaji zaidi shahidi aliyesimama nje yake. Kwa sababu hiyo, nikilazimishwa kuchagua, nachagua Paris.

Mabishano ya pande hizi mbili hayakuisha. Yamejificha ndani ya istilahi. Eneo la chimbuko, kwa Wafaransa, ni pale kifafa kinapoanzia na kujipanga mara ya kwanza. Linaweza kuonekana kabla ya kisu. Kwa upande mwingine, kwa shule ya daktari Hans Lüders, ambayo Felix Rosenow na yeye waliieleza katika makala ya 2001, ni eneo dogo kabisa ambalo likiondolewa mgonjwa hapati kifafa tena. Kwa maana hii ya pili, huwezi kuwa na hakika kwamba ulilipata mpaka mgonjwa arudi nyumbani na miaka ipite. Shule hiyohiyo ilitenganisha eneo la miiba, eneo kifafa kinapoonekana kikianza, eneo linalozaa dalili, na kovu linaloonekana kwenye picha. Mvulana wa Galen angepata haki yake hapa: muundi wake ulikuwa dalili ya kweli, iliyozaliwa mahali pa kweli, isipokuwa mahali penyewe hapakuwa mguuni.

Wala haya si mabishano ya vitabuni tu. Mwaka 2001 Samuel Wiebe na wenzake huko London ya Ontario, Kanada, walichapisha jaribio la wagonjwa 80 wenye kifafa cha sehemu ya usawa wa sikio kilichokataa dawa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji walikuwa wameachana na mishtuko inayopoteza fahamu. Kwa walioendelea na dawa ni asilimia 8. Jibu sahihi la swali la mahali ndilo linalobeba pengo hilo.

Na kwetu? Kiswahili kina maneno mawili, na mwenye sikio la lugha husikia kufa ndani ya kifafa, na ndege ndani ya degedege. Katika vijiji vya pwani, Bagamoyo kwa mfano, imeaminika kwamba degedege humpata mtoto aliyepitiwa na kiumbe wa angani. Kule Kilifi, Wamijikenda husema nyuni, na maana yake ni ndege. Vibao vya Babeli vya miaka zaidi ya 2,000 iliyopita vina namna hiyohiyo ya kufikiri: vinaeleza jicho linavyokwenda upande, mdomo unavyokunjamana, mkono na mguu wa kushoto vinavyorukaruka, kisha kila mkusanyiko wa dalili unapewa pepo wake.

Ni rahisi kuyapuuza haya yote, na mara nyingi tumeyapuuza. Mimi nimekulia mahali ambapo mtoto akianguka, watoto wengine huambiwa wakimbie wasiguse povu. Hofu hiyo ilikuwa mbaya na iliwaacha watu motoni. Lakini anayetaja ndege ametazama juu kwa sababu mtoto naye alikuwa ametazama juu, au kando, macho yamekaza, hayajibu. Macho na kichwa vinavyolazimishwa kugeukia upande mmoja ni miongoni mwa dalili ambazo daktari wa kifafa huziandika kwanza, kwani mara nyingi huonyesha kwamba umeme unatoka nusu ya ubongo ya upande wa pili. Mama alileta ushahidi, na ushahidi wake ulikuwa mzuri. Tafsiri ndiyo iliyopaa. Ni kosa lilelile la Galen, tena Galen tunamheshimu.

Hapa lazima niwe mwangalifu. Degedege nyingi za pwani hutokana na homa kali, kama ya malaria, na mtoto wa namna hiyo anahitaji hospitali saa ileile. Hakuna chimbuko la kutafutwa kwa elektrodi. Utafiti wa Kilifi umeonyesha pia kwamba baadhi ya watoto wanaonusurika malaria ya ubongo hupata kifafa baadaye, na ubongo ulioumia hivyo huenda usiwe na doa moja la kukata.

Mahenge, kusini mwa Morogoro, inaligeuza swali kabisa. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1950 akakuta Wapogoro wenye kifafa wametengwa, wengi wana makovu ya kuangukia moto. Alianzisha kliniki, akatoa dawa ya fenobabito, akaandika pia juu ya watoto wanaoinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaoitikia. Leo ushahidi ni mwingi kwamba kifafa cha maeneo hayo kinafuatana na usubi, maradhi yanayoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito ya maji ya kasi. Vijiji vilivyo karibu na mito hiyo ndivyo vyenye wagonjwa wengi. Ukiuliza huko kilianzia wapi, jibu lenye manufaa makubwa haliko ndani ya fuvu. Liko mtoni, na tiba yake ya kinga ni ivermectin inayogawiwa kijiji kizima. Sainte-Anne haikulazimika kufikiria mahali pa namna hii.

Hata hivyo wapo kwetu wagonjwa ambao mahali pao ni pale palipotafutwa na Penfield na Bancaud. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 hivi wana kifafa, karibu asilimia 80 wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko wakipata utambuzi na dawa. Kati ya wanaobaki wamo ambao kisu kingewafaa. Huko Mbale, mashariki mwa Uganda, hospitali ya CURE na mpasuaji Warren Boling walionyesha, katika ripoti ya 2009, kwamba upasuaji wa kifafa cha usawa wa sikio unawezekana kwa EEG ya juu ya ngozi, video ya kifafa na picha za CT, bila SEEG. Ninaithamini kazi ile kuliko mitambo mingi ya kifahari, kwa sababu ilichagua aina ya kifafa ambayo ushahidi wa macho huisema kwa uwazi, ikauacha mtambo uthibitishe.

Kinachonisikitisha ni mazoea ya kliniki zetu nyingi. Mgonjwa anaandikiwa EEG ya dakika 20 au 30, anarudishiwa karatasi yenye neno moja, si kawaida au kawaida, na hakuna aliyemuuliza aliyeongozana naye kilichotokea kwanza. Ilhali EEG ya kwanza hutoka safi kwa takribani nusu ya wenye kifafa cha kweli. Anayeambiwa huna kitu anarudi kwenye moto uleule.

Basi nakuomba wewe msomaji, unayeishi na mwenye kifafa au utakayemkuta barabarani. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko mdomoni, na kikizidi dakika 5 mpeleke hospitali. Hayo yakishakuwa salama, washa simu, rekodi kwa heshima, na mtunzie yeye na daktari wake peke yao. Kisha andika siku hiyohiyo: saa ngapi, alikuwa amesema anahisi nini, macho yaligeukia kulia au kushoto, ni mkono gani ulianza, na alipozinduka aliweza kusema baada ya muda gani. Peleka karatasi hiyo kliniki pamoja na ile ya EEG, na usiondoke mpaka zisomwe zote mbili.